MWALIMU ALIYEJENGA BARAZA, HOJA AKAIFUNGIA KATIKA MTOTO WA MEZA

Ndugu Wanachama,

Twawasalimu kutoka Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mji uliokaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika kwa upande wa machweo na Rukwa kwa upande wa mawio, ambako baridi ya mwezi wa Juni humvisha koti mtu wa Micheweni hata adhuhuri. Tuko huku wachache, watu wa visiwani, wengine katika biashara ya mchele na dagaa, wengine katika utumishi, na karatasi hii ya Chama hutufikia kwa basi, imechelewa wiki mbili, ikapita katika mikono kumi kabla ya kukunjwa. Ndipo tulipozisoma zile barua mbili juu ya marehemu Mzee Aboud Jumbe. Ya kwanza yataka picha yake itundikwe katika kila tawi, kwa kuwa yeye ndiye aliyethubutu kudai Serikali tatu. Ya pili yasema kwamba mtu aliyeizika ASP kwa mikono yake mwaka 1977 hastahili hata msumari wa kutundikia picha.

Twaomba nafasi ya kujibu. Twasema, kwa heshima ya waandishi wote wawili, kwamba wamekosea, na kwamba kosa lao ni moja. Kila mmoja wao ameuliza Mzee Jumbe alikuwa upande gani. Hapana hata mmoja aliyeuliza hoja yake aliipitisha mlango gani. Na sisi twaona kuwa katika maisha ya mtu aliyekuwa mjumbe wa Baraza kabla hajawa Rais, jambo la kuulizwa mwanzo ni hilo la mlango.

Aboud Jumbe Mwinyi alizaliwa Unguja tarehe 14 Juni 1920. Alisoma Makerere, akarudi na stashahada ya ualimu, na tangu 1946 hata 1960 kazi yake ilikuwa chaki na ubao. Miaka kumi na minne si michache. Vijana wa leo hawajui mwalimu wa skuli ya Serikali alikuwa nani katika siku hizo. Alikuwa na mshahara wa kila mwezi, alikuwa na nyumba, alikuwa na salamu za kila mtu njiani. Na alikuwa amefungwa mdomo, kwa sababu Serikali ya Muingereza iliwakataza watumishi wake kushika siasa. Amri hiyo haikuwaumiza watu wote sawasawa. Mwenye shamba la mikarafuu alisema atakalo, maana hakula kwa Serikali. Aliyeumizwa ni Muafrika aliyesoma, ambaye kwa kawaida hakuwa na chochote ila ile kazi. Jumbe alikuwa kiongozi wa jumuiya ya Zanzibar National Union tangu 1953, kwa hivyo hamu ya mambo ya watu alikuwa nayo zamani. Lakini alipoamua kuingia katika ASP na kusimama katika uchaguzi, chaki ilibidi aiweke chini. Hilo twampa. Kuacha mshahara wa yakini kwa ajili ya kiti cha shaka si jambo la kila mwanamume.

Akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961. Na mwaka ule, ndugu, ulikuwa wa kumfundisha mwalimu. Uchaguzi wa Januari uliipa ASP viti 10, ZNP 9, ZPPP 3, pasipatikane Serikali ya kusimama. Ukarudiwa Juni, ukatoa 10 kwa 10 na 3, na watu 68 wakafa katika ghasia. Serikali ikaenda kwa ZNP na ZPPP chini ya Sheikh Muhammad Shamte, ambaye naye zamani alikuwa mwalimu wa skuli kule Pemba, na ASP ikakaa upande wa pili, Jumbe akiwa mnadhimu wake. Mwezi wa Julai 1963 ASP ikapata kura 54 katika kila mia, na viti 13 tu katika 31.

Tulitazame jambo hili vizuri. Mtu huyu alikaa katika Baraza, upande wa wachache wa viti, akijua kwamba nje ya ukuta chama chake ndicho chenye wapiga kura wengi. Silaha yake ilikuwa moja, nayo ni kusimama, kuuliza, na kulazimisha jibu liandikwe katika kumbukumbu. Kazi ya mnadhimu ni kuhakikisha kwamba watu wake wapo vitini siku ya kura, wanajua kinachosemwa, na hapana anayeshtukizwa. Hapana shaka aliijua kazi hiyo. Twalikumbusha hili kwa sababu tutalirejea.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliliondoa Baraza pamoja na Serikali yake. Sheria zikatungwa na Baraza la Mapinduzi. Jumbe akawa Waziri wa Afya, kisha Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na alipouawa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972 yeye akashika nafasi. Miaka kumi na sita, toka 1964 hata 1980, Zanzibar haikuwa na Baraza lililo mbali na Serikali. Mtunga sheria alikuwa ndiye mwenye kuitekeleza, na mara nyingine ndiye mwenye kuadhibu. Mahakama za Wananchi, zilizoamua mambo makubwa hata ya roho za watu, hazikumruhusu mshitakiwa kusimama na wakili. Mzee Jumbe aliziendesha nchi na mahakama hizo kwa karibu miaka kumi na miwili ya utawala wake. Mwandishi wa barua ya kwanza amelipita hili kama mtu apitaye kaburi usiku.

Lakini mwandishi wa pili naye kaipita tarehe 14 Januari 1980. Siku hiyo Baraza la Wawakilishi lilikaa kwa mara ya kwanza, chini ya Katiba ya Zanzibar ya 1979, na aliyelileta ni Jumbe. Waweza kusema kuwa lilikuwa Baraza la chama kimoja, na kwamba wananchi walingoja mpaka 1985 kuwachagua wajumbe wa majimbo kwa kura zao wenyewe. Ni kweli. Hata hivyo lilikuwa Baraza. Lilikuwa na Spika, na kumbukumbu, na siku za kukaa. Mtu aliyekuwa na mamlaka yote mkononi alikata kipande akakiweka juu ya meza ya wengine, na hakulazimishwa na mzinga wala na kura. Wangapi katika Afrika ya miaka ile walifanya hivyo? Ama habari ya kuizika ASP, iliungana na TANU tarehe 5 Februari 1977, miaka mitatu kabla ya Baraza hilo kuwapo. Lawama yake twaipokea, lakini twauliza: jambo lile lingepelekwa wapi likajadiliwe, hali hapakuwa na mahali? Kama kuna funzo katika 1977 ni hilo la kukosekana mahali. Jumbe mwenyewe, twadhani, alilifahamu, ndiyo maana akajenga.

Sasa twafika penye uchungu.

Februari 1983 Halmashauri Kuu ya CCM ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, ikawaalika wananchi waseme. Visiwani watu wakasema kuliko walivyotazamiwa. Wakasema juu ya orodha ya Mambo ya Muungano, ambayo mwaka 1964 yalikuwa 11 na ikazidi kurefuka, mpaka yakafika 22. Wakasema juu ya Serikali ya Tanganyika, iliyovua kanzu yake siku ya Muungano na kuvaa joho la Serikali ya wote. Wengi wakasema wazi kwamba mkataba wa wawili wataka nyumba tatu, yaani ya huyu, ya yule, na ya shirika. Hayo yalisemwa mchana, katika mikutano na katika redio, na watu waliosema hawakuwa na ulinzi wowote.

Rais wao naye alikuwa na rai hiyo hiyo. Akafanya nini? Hakwenda Barazani. Akamtumia mwanasheria kutoka Ghana, Bashir Swanzy, kuandaa madai ya kufikishwa mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba, ile iliyotajwa katika kifungu cha 126 cha Katiba ya Muungano. Karatasi zikaandikwa kwa siri, zikawekwa kwa siri, na kwa siri hiyo hiyo zikatoka mezani kwake zikafika mikononi mwa Mwalimu Nyerere. Halmashauri Kuu ikaitwa Dodoma tarehe 24 Januari 1984. Kabla ya mwezi kwisha Mzee Jumbe alikuwa amejiuzulu Urais wa Zanzibar, Umakamu wa Rais wa Muungano na Umakamu wa Mwenyekiti wa Chama, vyote kwa pamoja. Akaenda kuishi Mjimwema, Kigamboni, akaandika kitabu chake juu ya Muungano kilichotoka 1994, na akafariki tarehe 14 Agosti 2016.

Basi twauliza, na swali letu si la kejeli. Baraza lile alilolijenga lilikuwa na umri wa miaka minne. Lilikuwa na Spika wake na kumbukumbu zake. Kwa nini hoja kubwa kuliko zote katika maisha ya Zanzibar tangu 1964 haikuwekwa mbele yake? Mnadhimu wa 1962 alikwenda wapi? Mwalimu wa miaka kumi na minne, aliyejua kwamba hesabu isiyofanywa ubaoni haimnufaishi mwanafunzi hata ikiwa jibu ni sahihi, alisahau lini?

Tunajua atakachojibiwa nacho mtu mwenye kuuliza hivi. Ataambiwa kwamba zama zile zilikuwa za chama kimoja, chama kilikuwa juu ya Baraza, na mwenye kusimama hadharani angeangushwa kabla hajaketi. Twakubali kwamba angeangushwa. Lakini si aliangushwa vile vile? Tofauti ni hii: aliyeficha karatasi aliangushwa peke yake, na ikatosha kusema kwamba ni njama ya mtu mmoja na wakili wake mgeni. Lau angelisimama mbele ya Wawakilishi akaisoma hoja ile toka mwanzo hata mwisho, na wao wakaipigia kura, basi pale Dodoma isingelitosha kumwondoa Jumbe. Ingelibidi kuliondoa Baraza zima, mchana, mbele ya watu waliokuwa wamesema hayo hayo mwaka mzima. Na hata kama lingeondolewa, maneno yangebaki katika kumbukumbu, na watoto wetu wangeyasoma wakajua kwamba Zanzibar iliuliza. Kilichobaki badala yake ni kisa cha mtoto wa meza uliofunguliwa.

Tena kuna jambo lenye kukera zaidi, nalo hatutalificha kwa kuwa mtu amekufa. Yule aliyemtafuta mwanasheria hodari wa kutetea madai yake ndiye aliyetawala nchi ambayo mshitakiwa wake maskini hakuruhusiwa wakili. Siku alipoihitaji sheria akakuta hapana mazoea ya sheria. Siku alipohitaji watu wenye ujasiri wa kusimama naye akakuta watu waliozoea kunyamaza, na yeye ni mmoja wa waliowazoeza. Baraza la miaka minne halikuweza kuwafundisha watu kile walichokatazwa kwa miaka kumi na sita. Labda alilijua hilo, na labda ndiyo sababu hakulitegemea. Lakini jengo usilolitegemea wewe mjenzi, nani mwengine atalilalia?

Na chumba kile cha Dodoma, ndugu, kilikuwa chumba cha walimu. Aliyekuwa kitini ni Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 kwa sababu ile ile iliyomfanya Jumbe aache 1960, akaitwa Mwalimu mpaka siku ya kufa kwake. Aliyepewa nafasi ya Jumbe ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyesomesha Mangapwani na kisha akawa mkuu wa chuo cha walimu Unguja. Na miongoni mwa vijana waliosimama upande wa kumshutumu Jumbe alikuwamo Seif Sharif Hamad, mwalimu wa skuli tangu 1964 hata 1972, ambaye wiki ile ile ya mwanzo wa Februari akawa Waziri Kiongozi. Wengi wetu tulimfuata Maalim Seif mpaka tarehe 17 Februari 2021 tulipompoteza, na wengine tulilala mahabusu kwa ajili ya jina lake. Hatuoni haya kusema kwamba siku ile Dodoma alikuwa upande ambao sisi leo tusingekaa. Miaka minne baadaye, Januari 1988, naye aliondolewa katika kiti, Mei akafukuzwa Chamani, na Mei 1989 akatiwa ndani, asitoke mpaka mwisho wa 1991. Chumba kile kile kilimhukumu, kwa utaratibu ule ule. Mwandishi wa barua ya kwanza, anayetaka picha, ajue kuwa akiitundika ya Jumbe ubavuni mwa ya Maalim atakuwa amewaweka pamoja watu wawili waliokuwa na neno la kuulizana. Sisi hatulizuii. Twataka tu anayetundika awe na jibu mtoto atakapouliza.

Mtasema, haya yote yahusu nini Sumbawanga, na nyinyi mliokaa juu ya milima mnatufundisha habari za Unguja? Ndiyo, yahusu, na hapa ndipo tulipotaka kufika.

Jirani yetu mmoja ni Mfipa, mwalimu mstaafu. Mzee huyu hulima mahindi na maharage, na kama wazee wake huinua matuta ya mviringo na kuyafukia majani chini ya udongo ili yaoze yawe mbolea, kazi ambayo Wafipa waliijua kabla ya bwana shamba yeyote kufika. Jioni moja tulikuwa tukibishana juu ya zile barua mbili, naye akatusikiliza kwa adabu, kisha akatuuliza: "Nyinyi wenzetu mna Serikali yenu, mna Baraza lenu, na mwalalamika. Na mimi Serikali yangu ni ipi?"

Tulitaka kucheka. Kisha tukaona hatuna jibu.

Kilimo si Jambo la Muungano. Mahindi ya Mfipa yanatawaliwa na Wizara iliyo katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano, lakini Wizara hiyo haina neno juu ya karafuu ya Pemba. Jina lake ni la wote, kazi yake ni ya upande mmoja. Serikali ilipofunga mipaka mwaka 2017, mahindi yasiuzwe nje ya nchi, mkulima wa Ufipa, ambaye Zambia kwake ni karibu kuliko Dodoma, alikaa na magunia yake akitazama bei ikianguka. Jambo lile lilikuwa la nani, la Tanganyika au la Muungano? Hapana ajuaye, maana mwenye kuamua ni mmoja mwenye kofia mbili, na ukimwuliza chini ya kofia hii hukujibu chini ya ile. Njia ya lami kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, maili zisizozidi mia na arubaini, ilingoja zaidi ya miaka hamsini tangu uhuru wa 1961, na ilipokuja ilikuja kwa fedha za Marekani. Skuli ya msingi aliyosomesha mzee wetu, vivyo hivyo, si Jambo la Muungano.

Nasi tukiri jambo ambalo waandishi wetu wa visiwani hawapendi kulikiri. Mbunge wa Pemba akiwa Dodoma hupiga kura juu ya bajeti ya mahindi ya Mfipa na mshahara wa mwalimu wa Sumbawanga, hali mambo hayo hayavuki bahari kufika kwake. Mfipa hana kura hata moja juu ya karafuu. Ni dhulma hiyo, na inapomkera mtu wa Bara hatuna haki ya kumwita adui wa Zanzibar. Wabunge 55 wa Bara walipodai Serikali ya Tanganyika mwaka 1993, mmoja wa viongozi wao alikuwa Njelu Kasaka wa Lupa, huko Chunya, ng'ambo tu ya Ziwa Rukwa. Bunge likaikubali hoja mwezi wa Agosti, na mwaka uliofuata, Mwalimu Nyerere alipoinuka kuipinga, ikarudishwa kabatini. Tume ya Nyalali ilikwisha kusema Serikali tatu mwaka 1992. Kamati ya Kisanga ikasema hivyo hivyo mwaka 1999. Tume ya Warioba, baada ya kuzunguka nchi nzima, ikaandika hivyo katika rasimu zake mbili za 2013, na Bunge Maalumu likaibadili mwaka 1994 wa pili, yaani 2014, tarehe 2 Oktoba, likarudi kwenye mbili. Twasema "1994 wa pili" kwa makusudi, maana ni kisa kile kile kwa mara nyingine.

Kwa hivyo hoja ya Jumbe haikuwa ya kisiwa. Ilikuwa ya Mfipa pia, na ya Mmakonde, na ya Msukuma. Na yeye, kwa kuifungia, aliwanyima hao nafasi ya kuijua kuwa yao. Miaka ile ya 1983 na 1984 mkulima wa Ufipa alisikia katika redio kwamba "hali ya hewa ya kisiasa" Zanzibar imechafuka, akadhani ni ugomvi wa watu wa pwani, na akaendelea na jembe lake. Ungemlaumu vipi? Hapana aliyemwonyesha hesabu.

Tena watu wa huku si wageni wa mambo ya hadharani. Marehemu Dakta Chrisant Mzindakaya, aliyewawakilisha katika Bunge kwa miaka mingi, mwisho akiwa Mbunge wa Kwela, na akafariki Juni 2021, alijulikana nchi nzima kwa hoja alizozilipua mbele ya Spika akiwa na karatasi zake mkononi. Alikuwa mtu wa CCM, na hatukuwa pamoja naye katika mengi. Lakini wazee wa Sumbawanga wakimtaja hutaja jambo hilo la karatasi mkononi. Wao hupima Mbunge kwa alichokisema akiwa amesimama. Kipimo hicho si kibaya, na Mzee Jumbe, ambaye kwa elimu na kwa uzoefu wa Baraza alimpita karibu kila mtu wa zama zake, akipimwa nacho hupungua.

Wala msidhani twasema ya kale kwa kupenda ya kale. Mahakama Maalumu ya Katiba, ile aliyoikusudia Jumbe, imo katika Katiba mpaka leo, kifungu cha 125 na vinavyofuata. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano na nusu na Serikali ya Zanzibar, na uamuzi wake wataka theluthi mbili za kila upande. Tangu ilipoandikwa haijakaa hata siku moja. Ni mahakama isiyo na jengo, isiyo na karani, isiyo na mlango wa kubisha. Kila jambo baina ya pande mbili limekuwa likimalizwa katika kamati na vikao vya wakubwa, kero hii ikifutwa na ile ikiongezwa, na wananchi wakiarifiwa kwa picha ya watu wanaopeana mikono. Nao twasikia minong'ono ndani ya Chama chetu wenyewe kwamba mambo makubwa ya Muungano "yanashughulikiwa", na kwamba si busara kuyasema kabla ya wakati. Neno hilo, ndugu, ndilo lililotutia kalamu mkononi. Yanashughulikiwa wapi? Na nani? Katika mtoto wa meza ya nani?

Twataka mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, Halmashauri ya Chama iamue kwamba msimamo wetu juu ya Muungano, pamoja na lile tulilolikiri juu ya kura ya mbunge wa visiwani, uandikwe wote na upelekwe katika kila tawi kabla haujapelekwa kwa mtu yeyote wa Serikali. Pili, mjumbe yeyote wa Chama atakayekaa katika Baraza la Wawakilishi afungwe kwa ahadi ya kuileta hoja hiyo Barazani kwa jina lake, ijapokuwa anajua atashindwa kwa kura. Tatu, Mhariri wa karatasi hii atuchapie vifungu vya 125 hata 128 kwa ukamilifu, bila maelezo na bila ushairi, na nyongeza yenye orodha ya Mambo ya Muungano yote 22.

Ama picha ya Mzee Jumbe, tawi letu halina ukuta. Twakutana katika ghala ya mchele. Atakapochapa vifungu hivyo, Mhariri atuletee nakala hamsini zaidi ya zile za kawaida. Gharama ya karatasi na wino tutailipa sisi, na zipakiwe katika basi la Tunduma. Jirani yetu ameomba kumi, asome na walimu wenzake wastaafu, na akatuambia tusimletee zilizofifia, kwa kuwa macho yake hayana nguvu tena.

Ni sisi wanachama,
Sumbawanga.